Papa Mkubwa Kama Lori

Mwezi uliopita, nikiwa safarini Nairobi, nilikuwa soko la Muthurwa nikitafuta nazi, maana nimeishi nchi za watu miaka mingi na bado sijaonja chakula kinachoshinda mbaazi za nazi. Hapo ndipo harufu ya papa mkavu iliponisimamisha. Wenzangu wa rika langu mliokulia Eastlands mnaijua: ni harufu ya chumvi na ukali fulani wa chooni, inayoingia puani na kukataa kutoka. Kijana aliyekuwa akiuza aliniona nimeganda mbele ya meza yake akasema, "Mathee, chukua huyu, hana mifupa ya kukusumbua." Nilinunua vipande viwili ingawa nyumbani kwangu hakuna anayekula. Nikavitia nyuma ya gari, gari likanuka wiki nzima, nami sikufungua dirisha.

Niseme mapema, kwa kuwa sipendi unyenyekevu wa uongo: papa ni kazi yangu. Mimi ni mpiga mbizi. Nina diploma ya kazi hiyo, niliyoipata ng'ambo nikiwa mwanamke pekee darasani, na imetundikwa ukutani mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Niliondoka Nairobi na begi moja. Nilianza kwa kuosha vyombo katika hoteli iliyokuwa kando ya bahari ya wenyewe, nikajifunza kuzama wakati wenzangu wakipumzika, na nikarudi nikiwa mwalimu. Leo nina shule yangu Pwani na boti mbili zenye jina langu ubavuni, na wazazi wangu wanaishi katika nyumba ya mawe niliyowajengea. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Na kila mwanafunzi anayekuja kwangu, awe mgeni au wa hapa kwetu, swali lake la kwanza ni papa. Huwajibu hivi. Nimekutana na papa mara nyingi kuliko nilivyokutana na jirani zangu wa sasa, na karibu wote walinipita kama mtu anavyompita mwenzake Jogoo Road asubuhi, kila mmoja na safari yake. Sisemi hawana meno. Anayewinda kwa mkuki ana sababu zaidi ya kuwa macho kuliko anayezama kutazama tu, kwa sababu samaki aliyechomwa hutapatapa na kuvuja damu, na papa husikia hayo kutoka mbali. Ukijifunga samaki huyo kiunoni, umejigeuza meza ya chakula. Mwenye akili huwaweka samaki wake kwenye boya mwisho wa kamba ndefu, au huwapandisha chomboni mara moja, na papa akija kuwadai humwachia. Lakini wapiga mbizi niliowajua walioumia, na wawili waliokufa, hawakuguswa na papa yeyote. Waliumizwa na hewa waliyoibeba wenyewe.

Huwa naishia hapo, wanafunzi wakacheka kwa wasiwasi, tukaingia majini. Sijawahi kuwaambia kwamba somo hilo nililipata nikiwa na miaka tisa, mtaa wa Kaloleni, Nairobi, mahali ambapo maji mengi tuliyoyajua yalikuwa ya mfereji mmoja wa mtaa mzima.

Baba yangu alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, akienda na kurudi kwa miguu pamoja na wanaume wengine waliotoka magharibi kama sisi. Walipopunguza wafanyakazi, jina lake lilikuwemo. Alikaa nyumbani miezi mingi akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Alifungua redio na kuifunga, akapigilia misumari kiti ambacho hakikuwa kimelegea. Mama alikuwa akimtazama tu.

Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi Bi Mwanaisha, mwanamke wa Pwani, mjane, aliyepika mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi nje ya chumba alichopanga. Watu walikula kwake kabla ya kwenda kazini, wameketi kwenye benchi lake. Siku moja alimwona Baba akipigilia msumari kwenye kiti kilekile akamwuliza, "Baba Nafula, wewe si mtu wa ziwani? Wajua kuogelea?"

"Kuogelea ndiyo nilianza," Baba akamjibu. "Kutembea kulifuata."

"Basi wapoteza wakati na hicho kiti. Ndugu yangu Bakari yuko Kilifi, atafuta mtu asiyeogopa maji."

Hivyo ndivyo Baba alivyokwenda Pwani. Bakari alimfundisha kuwinda samaki kwa mkuki akiwa amezuia pumzi, wawauzie wapishi wa hoteli. Baadaye akamfundisha kuzama na mtungi wa hewa mgongoni, kufungua nyavu zilizonasa na kusafisha boti kwa chini. Nyuma yake Baba aliacha shati la kazi la bluu, limechakaa kwenye viwiko. Mama alimpa Bi Mwanaisha alifanye kitambaa cha kushikia karai la moto, na sote tukalisahau.

Baba aliandika barua kwa jina langu. Mama alikuwa amesoma hadi darasa la tatu tu, na macho yake hayakuupenda wino, kwa hiyo msomaji wa barua zote za nyumba yetu nilikuwa mimi. Sikuzisoma ndani. Nilizisoma kwenye mfereji, nimesimama juu ya jiwe la kufulia, kwa sababu pale kulikuwa na watu. Nilipenda jinsi ndoo zilivyotulizwa nilipoanza. Ndiyo, hata wakati huo nilijipenda.

Barua ninayoikumbuka ilifika Ijumaa, wakati Bi Mwanaisha amekwenda kusali. Laiti angekuwepo. Ukurasa wa kwanza uliandikwa hivi, na naweza kuusema bila kuushika mkononi:

"Nafula mwanangu, mwambie mama yako leo nimeona papa. Nilikuwa chini nikashtuka maji yamekuwa na giza, nikadhani ni wingu, kumbe ni yeye anapita juu yangu. Mkubwa kama lori la soda. Mdomo wake ulikuwa wazi, gunia la mkaa lingeingia bila kukunjwa. Alikuja moja kwa moja hadi karibu yangu, akanitazama kwa jicho moja, kisha akaenda zake."

"Wacha zako!" kijana mmoja akapiga kelele. "Kama lori? Enda huko!"

"Imeandikwa," nikasema, nikimwonyesha karatasi kwa mbali.

Shangazi Nekesa, dada yake Baba aliyeishi nasi, alikuwa ameinama akisuuza sufuria. Akanyooka polepole. "Alimtazama?"

"Kwa jicho moja."

"Kisha akaenda?"

"Akaenda."

Shangazi aliketi juu ya ndoo yake iliyofunikwa. Ni lazima mjue kitu kimoja kuhusu Shangazi ili msimchukie. Ndugu yao mkubwa alichukuliwa na mamba ziwani, yeye akiwa msichana na akiona kwa macho yake. Kwao walisema mamba wa kawaida hushambulia hapohapo, lakini mamba aliyetumwa na mtu huja kwanza kukutazama, akujue, na siku ya pili ndipo anapokuja kukuchukua. Walisema ndugu yao alikuwa ametazamwa. Ilikuwa rahisi kwao kuishi na adui kuliko kuishi na bahati mbaya, nami leo naelewa hilo, ingawa siku ile niliona tu kwamba barua yangu ilikuwa imefanya mtu mzima akae chini.

"Mnyama mkubwa namna hiyo hampiti mtu bure," Shangazi alisema. "Amekuja kumtambua. Kuna mtu amemtuma."

Wanawake waliacha kufua. Nikageuza ukurasa. Ukurasa wa pili ulianza na maneno "Usiogope," na macho yangu yaliteremka haraka hadi mwisho. Niliona kwamba ukurasa ule ungeharibu kila kitu. Nikaikunja barua.

"Amesema nini tena?" Mama akauliza.

"Basi. Anawasalimu wote."

Nadhani ningesamehewa kama ningeishia hapo. Lakini Shangazi akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Ni nani alimpeleka huko baharini?" na macho yote yakageukia upande wa mlango wa Bi Mwanaisha, kwa sababu kila mtu alijua. Nami, bado nimesimama juu ya jiwe langu, sikutaka wanisahau. Nikasema, "Na shati la Baba liko kwa Bi Mwanaisha. Analishikia karai. Limeungua upande mmoja."

Mwanamke mmoja alifunga mfereji, ingawa ndoo yake haikuwa imejaa.

Siku hizo mtu wa Pwani mtaani kwetu hakuhitaji kufanya mengi ili ashukiwe. Walipenda mahamri yake lakini waliogopa buibui lake, na Ijumaa alipopika papa mkavu, watu walifunga madirisha wakitaja majini, nusu mzaha. Wiki ile mzaha uliisha. Jumatatu benchi lilikuwa na watu wanne, Jumatano alikuwa mmoja, mzee asiyesikia vizuri. Mama aliendelea kununua kwa siku chache, akificha mahamri chini ya leso kama vitu vya wizi, kisha naye akaacha. Alinunua mkate dukani na hatukuuliza.

Asubuhi moja nikienda shule Bi Mwanaisha aliniita. Beseni lake lilikuwa limejaa na jua lilikuwa limeshapanda. "Njoo, mwanangu. Nambie kweli, wewe huwa hufichi. Mahamri yangu yamekuwa na nini? Yana mchanga?"

"Hapana."

"Mafuta yananuka?"

"Hapana, Bi Mwanaisha."

"Basi mbona hawali?"

Mkononi alikuwa ameshika shati la Baba. Nilikimbia. Nilikimbia hadi shuleni, na ule ukurasa wa pili ulikuwa ndani ya kitabu changu cha Hesabu nilimouficha, ukikimbia pamoja nami.

Mtauliza kwa nini sikuutoa. Nilikuwa nimeshausoma mara nyingi kwa siri, na ulisema wazi kwamba papa yule hali watu. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na watu wazima wote walioniongoza maishani walikuwa wakizungumza juu ya papa wa kutumwa. Nikapatanisha maneno ya Baba na yao kwa akili yangu mwenyewe: papa wa kawaida hali watu, sawa, lakini aliyetumwa hana hiari. Nilianza kumwogopa Bi Mwanaisha kwa sababu ya hadithi ambayo nusu yake niliitunga mwenyewe. Usingizini nilimwona Baba akielea, na lori likija bila taa.

Kisha simu ikapigwa katika duka la kona. Aliyepiga alikuwa Bakari. Mwenye duka alituletea ujumbe mfupi: Baba Nafula ameumia akiwa baharini, yuko hospitalini, miguu haimbebi, lakini yuko hai. Hakuna aliyetaja papa. Haikuhitajika. Kabla ya saa sita mchana, Kaloleni nzima ilijua kwamba papa amerudi mara ya pili kama Shangazi alivyosema, na ameondoka na mguu. Shangazi alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Mwanamume aliyempangisha Bi Mwanaisha chumba alikwenda mlangoni kwake jioni hiyo na kumwambia ahame mwezi ukiisha. "Mimi sina neno na wewe, mama," alimwambia. "Lakini majirani wananisumbua." Bi Mwanaisha hakubisha. Tulimsikia tu akiuliza, "Nimewakosea nini?" na hakuna mlango uliomjibu, wetu ukiwemo.

Baba alirudi kwa gari la moshi, siku chache kabla ya mwezi kuisha. Alishuka akiegemea mkongojo, amekonda, ngozi imekuwa nyeusi kwa jua. Nilitazama chini haraka. Miguu ilikuwa miwili.

Adhuhuri alilala. Mama alikuwa nje akipepeta mchele. Nikasogea kitandani, nikainua shuka kidogokidogo, nikaanza kutafuta meno. Nilianza kwenye kifundo cha mguu, nikapanda goti. Nilikagua mguu wa kushoto, kisha wa kulia, mbele na nyuma kadiri nilivyoweza bila kumgeuza. Ngozi ilikuwa nzima. Kulikuwa na kovu moja tu la zamani, la baiskeli.

"Unatafuta nini, Nafula?" Alikuwa amefungua jicho moja.

"Alikuuma wapi?"

"Nani?"

"Papa."

Akacheka hadi akashika kiuno kwa maumivu. "Papa gani? Papa hakunigusa. Papa ndio marafiki zangu kule. Wakati mwingine mdogomdogo huja kuninyang'anya samaki niliyemchoma, namwachia, anaenda. Tunaheshimiana." Akaketi. "Lete ile chupa ya soda."

Ilikuwa soda waliyomnunulia kama mgonjwa. Akaniambia niitikise. Nikatikisa. "Sasa fungua taratibu." Nilifungua kifuniko kidogo tu, soda ikatoa pumzi na kutulia. Akaniambia niizibe kwa kidole, nitikise tena, kisha nitoe kidole ghafla. Soda ikaruka hadi kwenye shuka la Mama.

"Ndiyo hiyo," Baba alisema. "Ukikaa chini sana na mtungi, hewa unayovuta inaingia kwenye damu na kujificha humo kama ilivyo kwenye hii soda. Ukipanda polepole inatoka bila kelele. Ukipanda mbio, inachemka ndani yako. Tulikuwa tunatafuta nanga ya boti iliyopotea. Nilizama mara tatu siku moja, na mara ya tatu hewa ikaniishia, nikaogopa, nikapanda kama risasi. Bakari alikuwa ameniambia kila siku: usiyapite mapovu yako madogo. Niliyapita. Nilipofika juu miguu haikuwa yangu."

"Halafu?"

"Halafu Bakari akanivuta chomboni. Akanibeba mgongoni kutoka ufukweni hadi barabarani, na mimi si mwepesi. Akalala chini ya kitanda changu hospitalini siku zote hizo, akinilisha." Alitazama mlango. "Nataka nimshukuru dada yake. Mbona Bi Mwanaisha hajaja kunisalimia?"

Mama alikuwa ameingia na ungo wake. Alitazama mchele.

"Mama Nafula, nimeuliza."

"Anahama," Mama akasema.

"Anahama? Kwa nini?"

"Watu wamesema maneno."

"Watu gani? Maneno gani?"

Nilijua kwamba Mama hatanitaja. Angeweza kuchukua lawama yote, akaiweka juu ya "watu," na jambo lingepita. Nilikwenda kwenye begi langu la shule, nikatoa kitabu cha Hesabu, nikampa Baba ule ukurasa. "Nilisoma wa kwanza tu," nikasema. Kisha nikamwambia yote, hadi habari ya shati.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliusoma ukurasa wake mwenyewe kutoka juu hadi chini, midomo ikitembea. "Hii niliiandika nikiwa bado na chumvi mwilini," alisema. "Nilifurahi namna hiyo." Akachukua mkongojo. "Twende."

Bi Mwanaisha alikuwa ameketi kati ya vitu vyake vilivyofungwa, karai likiwa juu ya fungu la nguo. Alipomwona Baba alisimama akaanza kulia, na kulia kwake ndiko kulikonitoa machozi mimi.

"Bi Mwanaisha," Baba alisema, "nina njaa ya mahamri tangu Kilifi."

"Sijakanda, Baba Nafula. Nimeshafunga vitu."

"Fungua. Kanda. Nitangoja."

"Unga lazima uumuke. Ni saa nyingi."

"Mimi sina kazi," Baba akasema, "wala miguu. Nitangoja."

Akalivuta benchi hadi nje kabisa, palipo na njia ya kila mtu, akaketi. Nikasimama kando yake. Bi Mwanaisha akakanda unga kwa tui na iliki, akaufunika kwa kitambaa, na sisi tukangoja uumuke tukiwa mbele ya macho ya mtaa mzima. Kila aliyepita Baba alimwita kwa jina. "Karibu. Tazama miguu yangu. Umeona jino?" Kisha aliniambia, "Soma." Nami nilisoma ukurasa wa pili kwa sauti, na sikusimama juu ya jiwe lolote:

"Usiogope. Bakari ameniambia huyo ni papa shilingi, ana madoa meupe mgongoni kama mtu amemwagia sarafu. Hali watu. Huchuja maji kwa mdomo kama mama yako anavyochuja chai, akabaki na vidudu vidogo, na hicho ndicho chakula chake. Nilitaka kumgusa lakini niliona aibu, kama umekutana na mtu mkubwa njiani. Siku moja nitakuleta umwone."

Nilipomaliza mara ya kwanza, Bi Mwanaisha alisimama mlangoni na mikono yenye unga. "Papa shilingi?" alisema. "Ni yeye huyo? Ya Rabi! Huyo kwetu watoto humshangilia!" Alianza kucheka, akaegemea mlango, akacheka na machozi yakimteremka hadi sikujua tena ni kicheko au ni kingine. "Nimefukuzwa na papa shilingi!"

Baada ya kila kusoma, Baba aliniongezea kazi. "Sasa waambie ni nani aliuficha." Nikasema, "Ni mimi." Nilisema hivyo mara nyingi alasiri ile, kwa watu waliokuwa wakinipigia makofi kwenye mfereji. Wengine walitikisa kichwa. Msichana wa darasa langu alisema, "Nafula, wewe ni noma," na hakuwa akinisifu.

Mahamri yalipoiva, Baba alikula la kwanza, la pili, hadi la sita. Mzee asiyesikia alikuja akaketi kama kawaida. Mama alikuja na sahani, waziwazi, bila leso. Kisha wakaja wengine, mmoja mmoja, wakinunua haraka na kutazama pembeni. Shangazi Nekesa alifika mwisho. Alisimama mbele ya miguu ya ndugu yake, akapiga magoti, akaishika yote miwili kwa mikono yake, juu hadi chini, kama nilivyofanya mimi. Hakununua kitu. Alimtazama Bi Mwanaisha na mdomo ukafunguka, lakini neno halikutoka. Naamini hadi leo kwamba alitaka liwe zuri.

Ningependa kuandika kwamba mambo yalirudi kama zamani. Lakini chumba kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine, na mwenye nacho alisema neno lake ni neno. Bi Mwanaisha mwenyewe alimwambia Baba asihangaike. "Nimeshawaona walivyo," alisema kwa upole. "Nikikaa, kila atakayepatwa na homa nitaulizwa mimi." Alikuwa amepata chumba Majengo, kwa watu wa kwao.

Siku ya kuhama tulimkuta kijana wa mkokoteni akifunga kamba. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. "Nitakusindikiza," alimwambia Bi Mwanaisha.

"Kwa mguu huo? Hadi Majengo?"

"Bakari alinibeba nikiwa mzigo. Mimi nakwenda kwa miguu yangu."

Akanigeukia na kuniwekea beseni la mahamri kichwani, tupu, lakini zito kuliko linavyoonekana. Tukaondoka. Baba alitangulia, mkongojo na mguu, mkongojo na mguu, na mkokoteni ukalazimika kwenda kwa mwendo wake. Mwenye mkokoteni alilalamika mara moja, "Mzee, kwa mwendo huu tutafika Krismasi," akatazamwa, akanyamaza. Tulipita njia ndefu ya katikati ya Kaloleni badala ya ile fupi ya pembeni. Watu walitoka milangoni. Tulivuka Jogoo Road magari yakitupigia honi, tukapita Burma, ambako wauza nyama walisimama na visu vyao wakitutazama: mwanamume wa kanisa anayechechemea, mama wa buibui, na mtoto wa sare ya shule na beseni kichwani. Shingo iliniuma hadi nikaona nyota. Sikulishusha.

Nimebeba mitungi ya hewa mizito kuliko beseni lile, katika bahari nne, na nimeogelea kando ya papa shilingi nikimtafsiria Baba kichwani mwangu kila doa. Nilimpeleka Baba mwenyewe akamwona tena, akiwa kwenye boti, mguu wake ukiwa umenyooshwa mbele, na alivua kofia. Hayo yote nitawasimulia mkitaka, na mtachoka. Lakini safari ninayoijua hatua kwa hatua ni ile ya Majengo.

Tulipofika, wanawake wa pale walikuwa wameketi barazani. Walimpokea Bi Mwanaisha kwa salamu ndefu, wakampokea Baba mkongojo na kumpa kiti. Mimi nilibaki uani na beseni langu. Mmoja wao, mzee, alinikagua kutoka viatu hadi kichwa. "Na wewe, mtoto wa bara," akaniuliza, "huyu Bi Mwanaisha ni nani kwako?"

Nilimtazama Baba, lakini alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu, na haikuwa imefunguka. Nilijua kwamba nikisema "jirani" nitakuwa nimesema uongo, maana hakuwa jirani tena, na aliyemwondoa alikuwa mimi.

"Ni shangazi yangu," nikasema.

Kisha nikangoja. Alikuwa na haki yote ya kunikana mbele yao, na angenikana ningerudi Kaloleni nikijua mimi ni mtu wa namna gani. Bi Mwanaisha alikuwa akifungua fundo la leso yake, mgongo ukiwa kwangu. Hakugeuka upesi. Alipolifungua lile fundo, akaikung'uta leso vumbi, ndipo akanitazama.

"Basi mbona umesimama?" alisema. "Tua hilo beseni ukanitafutie maji. Shangazi yako ana kiu."